Dar mpaka Unguja: kilometa ngapi, dakika ngapi?

Swali hili naulizwa sana: kutoka Dar mpaka Zenji ni mbali kiasi gani, na ndege inatumia muda gani? Jibu la haraka: ni kama kilometa 73 uwanja kwa uwanja, na unakaa hewani kama dakika 20. Ila usiishie hapo, maana jibu hilo hilo lilishaniponza.

UMBALI
Kuna wanaosema ni kilometa 35 hivi. Hao wanataja pale bara na kisiwa vinapokaribiana zaidi, juu kuelekea Bagamoyo. Dar iko kusini zaidi, ndio maana safari inakuwa ndefu.

Piga hesabu mwenyewe. Uwanja wa Julius Nyerere uko latitudo 6.88 kusini, na ule wa Abeid Amani Karume 6.22 kusini. Longitudo zao karibu ni moja, 39.2 mashariki, kwa hiyo ndege inanyoosha kaskazini tu. Tofauti ni nyuzi 0.66, na kila nyuzi moja ni kama kilometa 111. Zidisha, unapata 73.

MUDA
Vile vindege vidogo vya injini moja, kama Cessna Caravan, vinakwenda kama kilometa 300 kwa saa. Kilometa 73 hapo ni dakika 15 hivi. Ongeza kupaa na kujipanga kutua, unafika 20. Ndege kubwa haikuokolei kitu cha maana, maana kabla haijachanganya vizuri inabidi ianze kushuka.

Boti ya kasi inatumia kama saa 2, kutoka bandari ya Dar mpaka Malindi.

SASA MCHEZO ULIPO
Bibi yangu mzaa mama alifariki Unguja. Simu ilinikuta Kariakoo saa 1 asubuhi: maziko baada ya sala ya adhuhuri. Boti ilikuwepo ya saa 3 na nusu. Mimi nikajifanya mjanja, dakika 20 na saa 2 wapi na wapi? Nikakopa, nikakata tiketi ya ndege ya saa 4.

Foleni ya barabara ya uwanja ikala saa nzima. Nikafika, nikaambiwa ndege imechelewa. Saa 5 bado, saa 6 bado. Tumepaa saa 6 na nusu. Kweli dakika 20 tu, nikashuka, nikakimbilia teksi. Nilipofika nilikuta watu wanarudi kutoka makaburini. Mjomba alinishika bega tu, hakusema kitu. Wa boti ya saa 3 na nusu walimzika.

KWA HIYO
Hesabu mlango kwa mlango, sio uwanja kwa uwanja.

- Ndege: foleni mpaka uwanjani, kuwahi kuripoti, dakika 20 hewani, mizigo, halafu gari mpaka mjini. Mambo yakienda sawa ni kama saa 3.
- Boti: kuwahi bandarini, saa 2 majini, unashukia mjini penyewe. Nayo ni kama saa 3.

Kama unakaa karibu na uwanja, au bahari imechafuka, ndege inalipa. Kama uko Kariakoo au Posta, boti haiachwi mbali. Na ukiwa na shughuli isiyosubiri, panda chombo kinachoondoka kwanza. Usafiri wowote beba kitambulisho.

Safari njema wadau.