Mchanga au Kioo Kitupu: Mapokeo Manne ya Tangi la Matumbawe

Kabla maji hayajatiwa katika tangi dogo la matumbawe, kuna uamuzi mmoja ambao ni vigumu kuutengua baadaye: chini pawe na mchanga, au kioo kibaki kitupu? Taa ikichoka hubadilishwa, pampu ikiharibika hununuliwa nyingine. Mchanga uliokaa mwaka mzima, ukashiba uchafu na viumbe, hautoki bila kulitikisa tangi zima. Ndiyo maana wafugaji wa matumbawe wamebishana sana juu ya sakafu, na ndiyo maana nauchukulia ubishi huo kwa uzito. Wengi huuona kuwa suala la ladha: huyu anapenda weupe wa mchanga, yule anapenda usafi. Mimi naona kwamba kila jibu lina kwao. Lilizaliwa mahali fulani, kwa sababu za mahali pale, na anayelihamishia kwenye tangi la sebuleni hana budi kuuliza ni sababu zipi zimehama nalo.

Tuanze Jakarta. Mwaka 1961 jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist lilichapisha makala ya Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa mji huo. Enzi hizo mfugaji wa Ulaya au Marekani alipamba tangi lake la maji chumvi kwa mifupa ya matumbawe iliyosafishwa hadi ikawa myeupe pe, akiogopa kwamba chochote kilicho hai kitaoza na kuua samaki. Lee Chin Eng alifanya kinyume. Aliweka mawe yaliyotoka baharini pamoja na viumbe vyake vyote, akaweka matumbawe hai, maji ya bahari yenyewe, mwanga wa jua na viputo vya hewa. Imani yake ilikuwa kwamba uchafu wa mnyama mmoja ni chakula cha mwingine. Imani hiyo ilikuwa sahihi, na matangi yote ya matumbawe yaliyofuata yana deni la shukrani kwake. Lakini bahari ilikuwa karibu naye. Maji yakichoka, mengine yalipatikana. Jiwe likifa, lingine lilichukuliwa. Tangi lake halikuwa limefungwa kama matangi ya bara yalivyofungwa.

Berlin haina bahari, na hata Baltiki, iliyo karibu zaidi, ni bahari yenye chumvi kidogo mno kwa tumbawe lolote la tropiki. Mfugaji wa huko alichanganya chumvi ya dukani na maji ya bomba, na kila jiwe hai lilimfikia kwa ndege na kwa bei. Hali hiyo ilimfundisha ubahili wa aina njema: kutokiruhusu kiingie, na kutokiacha kikae, kitu chochote kitakachooza. Peter Wilkens alichapisha kitabu chake juu ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo mwaka 1973, na Dietrich Stüber wa Berlin akawa miongoni mwa watu wa kwanza kukuza matumbawe magumu nyumbani hadi akaweza kuwagawia wenzake vipande. Utaratibu uliokomaa mikononi mwa kundi hilo ndio unaoitwa njia ya Berlin: mawe hai yenye matundu mengi, taa kali, mashine inayotoa povu lililobeba uchafu kabla haujaoza, na maji ya chokaa ya kuyapa matumbawe kalisi. (Chokaa hiyo, iliyozimwa kwa maji, ni jamii moja na ile ambayo mafundi wa Lamu na Unguja waliipata kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri. Huko ilijenga nyumba. Berlin ilirudi kujenga matumbawe.)

Sakafu ya Berlin ilikuwa tupu, au ilinyunyiziwa mchanga kidogo tu. Ili kuelewa sababu yake, ni lazima kukumbuka walichokuwa wakikikimbia. Kwa miaka mingi kichujio cha kawaida cha tangi la maji chumvi kilikuwa kokoto zenyewe: bamba lenye matundu liliwekwa chini, na maji yakavutwa kupitia kokoto ili bakteria waigeuze amonia kuwa naitreti. Kazi hiyo kokoto ziliifanya vizuri. Ila naitreti haikuwa na pa kwenda, na mabaki ya chakula na kinyesi yalivutwa ndani ya kokoto, yakalala humo. Samaki walistahimili, matumbawe hayakustahimili. Mjerumani aliyeitoa kokoto hakufanya hivyo kwa kupenda kioo. Alikuwa amegundua kwamba mawe yanatosha, kwa kuwa ngozi ya nje ya jiwe ina oksijeni na kiini chake hakina, na bakteria wa sehemu zote mbili wakishirikiana naitreti huishia kuwa gesi ya naitrojeni inayopaa na kutoweka.

Monaco ilishika uzi huohuo, ikaupeleka upande mwingine. Katika miaka ya 1980 Jean Jaubert, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Nice ambaye njia yake huitwa ya Monaco, aliuliza kwa nini kazi inayofanyika ndani ya jiwe isifanyike ndani ya mchanga. Aliinua sakafu ya wavu sentimita chache juu ya kioo, chini yake akaacha nafasi ya maji yaliyotulia, na juu yake akaweka mchanga mnene wa matumbawe wa kina cha karibu sentimita 10. Oksijeni hushuka polepole katika mchanga huo na kupungua kadiri inavyoshuka, na kila tabaka hupata bakteria wake. Juu ya hilo, asidi kidogo inayotokea ndani huyeyusha mchanga na kuyapa maji kalisi. Bila mashine ya povu, matumbawe yalikua. Nalihesabu hilo kuwa mojawapo ya mawazo mazuri kabisa katika ufugaji huu: sakafu iliyokuwa jaa ikawa kiungo cha mwili.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ikaongeza sura yake. Ronald Shimek, mtaalamu wa wanyama wasio na uti wa mgongo, alisema nafasi ya maji chini haihitajiki. Kinachohitajika ni mchanga laini wa kina na wakazi wake: minyoo, kamba wadogo kama vumbi, vinyota vyembamba vinavyotambaa gizani. Wakazi hao hula mabaki, huuchimba mchanga, huupitishia maji, na mayai yao huwa chakula cha matumbawe. Wengi walimfuata. Kisha katika miaka ya mwanzo ya 2000 wengi vilevile waliasi, wakidai kwamba mchanga wa kina hushiba fosfeti na hatimaye huirudisha, na wakang'oa kila punje na kufunga pampu zenye nguvu kuliko walizowahi kutumia. Mwaka 2005 Robert Toonen na Christopher Wee walichapisha majaribio yaliyolinganisha miundo ya sakafu za mchanga, na nafasi ya maji ya Monaco haikuonyesha faida waliyoitarajia watetezi wake. Majaribio hayo hayakumaliza ubishi, kwa sababu ubishi wenyewe ulikuwa wa ndani zaidi.

Kwa maoni yangu ubishi uko hapa. Jakarta, Monaco na Shimek wanasema uchafu uliwe ndani ya tangi. Berlin na waasi wa Marekani wanasema uchafu utolewe nje kabla ya kuliwa. Kauli zote mbili ni za kweli baharini, ila si mahali pamoja. Aliyewahi kutembea maji yakitoka kule Diani au Watamu anajua ufuo wa Afrika Mashariki ulivyopangwa: kwanza mchanga na majani ya bahari katika maji yaliyotulia, kisha, mbali, ukingo wa mwamba ambako mawimbi huvunjika. Ukingoni hakuna mchanga. Tumbawe lenye matawi limeshika jiwe tupu, na bamvua, ambalo pwani ya Mombasa hufikia kama mita 4, linapanda na kushuka na kubeba kila kilicholegea. Kinachobebwa kinatua nyuma ya mwamba, penye utulivu, na huko ndiko waliko majongoo bahari, minyoo na makombe wa kukila. Hata mchanga wenyewe umetoka kwenye mwamba: pono hutafuna jiwe lenye mwani, na pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Berlin imeiga ukingo. Monaco imeiga maji yaliyotulia nyuma yake.

Sasa tushike tangi lenyewe: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36. Likijaa hadi ukingoni ni lita 65 hivi. Mchanga wa sentimita 10 hapo ni lita 18, zaidi ya robo ya kimo, na uzito wake unapita kilo 25. Ongeza mawe, na maji yanayobaki kuogelewa ni machache kuliko ndoo mbili za lita 20. Hapo ndipo hoja ya Shimek inaponishinda kuikubali kwa tangi dogo, japo naipenda. Jamii ya minyoo na kamba inahitaji eneo. Katika eneo la sentimita 60 kwa 30 kila aina ina wachache, samaki mmoja mwenye njaa anawamaliza, na hawana pa kutoka wengine wa kujaza pengo. Wakazi wakipungua, mchanga wa kina hubaki bila wa kuuchimba. Unaganda. Chini unatokea weusi wenye haidrojeni salfaidi, na siku jiwe litakapoanguka na kuufukua, lita 35 za maji haziwezi kuizimua sumu hiyo.

Kwa hiyo, kwa tangi dogo, mchanga wa kina nauondoa kwenye mizani kabisa. Uchaguzi uliobaki ni kati ya kioo kitupu na tabaka jembamba la sentimita 2 au 3, na tabaka hilo lisidanganyiwe kuwa ni kichujio. Kazi ya bakteria itafanywa na mawe, na uchafu utatolewa kwa mkono wako. Mchanga mwembamba una haki ya kuwepo kwa sababu moja: kuna mnyama anayeuhitaji.

Sababu hiyo naishikilia kwa nguvu zote. Yuko samaki mdogo aitwaye gobi anayeishi shimo moja na kamba mwenye ukucha unaoalika. Kamba anachimba, karibu haoni, na gobi anasimama mlangoni akilinda, huku kipapasio cha kamba kikimgusa asimpoteze. Wanyama hawa wamo pia katika maji yetu ya pwani. Kuwaweka juu ya kioo ni kuwanyang'anya kazi ya maisha yao. Wako samaki wembamba wa jenasi ya Halichoeres ambao jua likizama hujitosa mchangani na kulala wamefunikwa. Kwenye kioo hugonga pua wakijitosa, na hao wanataka mchanga wa kina kuliko sentimita 3, kwa hiyo mahali pao si tangi dogo. Mwenye kutaka gobi na kamba wake aweke mchanga, na aridhike na pampu za wastani, kwa maana mkondo mkali utachimba shimo pembeni na kupeperusha punje zikaangukia matumbawe. Punje za milimita 1 hadi 2 ndizo zinazofaa: nyembamba zaidi huruka, nene zaidi hunasa mabaki. Mawe yakae kwanza juu ya kioo, mchanga ufuate kuyazunguka, ili mchimbaji asije akaliangusha jiwe juu yake mwenyewe. Na kila juma, maji yanapobadilishwa, theluthi moja ya mchanga ifyonzwe kwa mpira mpana hadi maji yatoke safi.

Mwenye kutaka matumbawe ya ukingoni, yale ya matawi yanayopenda mkondo mkali, aache kioo. Miezi ya mwanzo haipendezi, nakiri. Kila kinyesi kinaonekana kama kimewekwa mezani. Lakini kuonekana huko ndiko faida yenyewe, maana unachokiona unakiondoa kwa dakika chache. Baadaye mwani mgumu wa zambarau huanza kukitandaza kioo, matumbawe yanayotambaa hushuka kutoka kwenye mawe na kukishika, na sakafu inakuwa mwamba. Kosa la kawaida la sakafu tupu ni kuisafisha mno: maji yasiyo na naitreti wala fosfeti hata chembe huyafanya matumbawe yapauke na kufa njaa, na hapo samaki walishwe zaidi, mashine ya povu ipunguzwe.

Swali huja mara nyingi kutoka kwa mwenye mchanga wa kina tayari, aliyebadili nia. Asiutoe siku moja. Aanze pembe moja, sehemu ndogo isiyozidi robo ya sakafu, aunyonye mchanga kwa mpira pamoja na maji yake bila kuukoroga, mpira uishie kwenye ndoo isiyorudi tangini. Ajaze maji mapya, apime amonia siku mbili tatu, na asubiri majuma mawili kabla ya kugusa sehemu nyingine. Mawe yanayokaa juu ya mchanga yainuliwe moja moja, kila moja likishawekwa kwenye kioo ndipo la pili liguswe. Akikuta tabaka jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza, asimamishe kazi hapo hapo, awahamishie samaki na kamba kwenye chombo kingine chenye maji ya tangi hilohilo na hewa, kisha aendelee.