Kuteguka kwa Kifundo cha Mguu na Uuguzaji Wake Nyumbani

Kuteguka kwa kifundo cha mguu ni jeraha la ligamenti, yaani tishu ngumu kama kamba zinazofunga mfupa na mfupa penye kiungo, ambazo hunyooka kupita kiasi au kuchanika wayo unapopinda ghafla. Jeraha hili si sawa na kuvunjika mfupa, wala si sawa na kuumia kano, ambayo kazi yake ni kuushikiza msuli kwenye mfupa. Mara nyingi wayo hupinda kwa ndani, kama inavyotokea mtu anapokanyaga ukingo wa shimo au mchezaji anapotua vibaya baada ya kuruka kupiga mpira wa kichwa, na ligamenti ya upande wa nje, ile ya mbele, ndiyo hutangulia kuumia. Katika ngazi ya kwanza ligamenti huvutika tu. Katika ya pili huchanika nusu, na ngozi huvimba na kuvilia damu. Katika ya tatu hukatika kabisa na kiungo kikalegea.

Kabla ya kuamua kuuguzia mguu nyumbani, ni lazima kuhakikisha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Kipimo kinachotumiwa sana duniani ni kanuni za Ottawa, zilizotokana na utafiti wa Ian Stiell na wenzake nchini Kanada uliochapishwa mwaka 1992. Kwa kanuni hizo, mwenye maumivu ya kifundo anahitaji picha ya eksirei ikiwa hakuweza kutembea hatua 4 mara baada ya kuumia na bado hawezi anapopimwa, au ikiwa anaumia akibonyezwa mfupa wenyewe, kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa nundu ya kifundo, ya ndani au ya nje, ndani ya sentimita 6 za mwisho. Mguu uliopinda umbo, uliokufa ganzi au uliopoa na kubadilika rangi hauna haja ya kupimwa kwa kanuni yoyote. Upelekwe hospitali mara moja. Mtoto naye asikisiwe, kwa kuwa mifupa yake ina sehemu laini za kukulia ambazo huweza kuumia kabla ya ligamenti.

Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin alieneza utaratibu wa kupumzisha mguu, kuuweka barafu, kuufunga bandeji na kuuinua, lakini baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona, kwa sababu uvimbe huleta chembe zinazosafisha na kujenga upya tishu iliyochanika. Kwa hiyo siku hizi barafu huhesabiwa kuwa kituliza maumivu tu: hufungwa katika kitambaa na kuwekwa kwa dakika 15 hadi 20, kamwe si juu ya ngozi tupu. Bandeji ya kuvutika huanzia karibu na vidole na kupanda juu ya kifundo, na vidole vikianza kufa ganzi au kuwa baridi, ilegezwe. Mgonjwa akilala, mguu uwe juu ya mito, umepita usawa wa moyo.

Desturi ya kuuchua mguu kwa nguvu na kuukanda kwa maji ya moto siku ileile ya kuumia hutoka katika huruma ya kweli, lakini katika saa 48 hadi 72 za mwanzo joto na kuchua huongeza damu inayovuja ndani, na uvimbe ukazidi. Wanaouguza hawana budi kuiacha.

Baada ya siku hizo, dawa kubwa ni mwendo. Mgonjwa huanza kwa kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kisha huketi mguu ukiwa umenyooshwa, akapitisha kanga iliyokunjwa chini ya wayo na kuivuta taratibu kuelekea kwake, huku akikanyaga kwa kadiri maumivu yanavyomruhusu. Hatua inayosahauliwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye thamani zaidi, ni mazoezi ya mizani. Mwaka 1965 Michael Freeman na wenzake nchini Uingereza walieleza kwamba jeraha hili huharibu pia mishipa ya fahamu inayoujulisha ubongo mkao wa wayo, na ndiyo maana kifundo kisichouma tena huendelea kuteguka kwenye kokoto ndogo. Kusimama kwa mguu ulioumia kwa sekunde 30, karibu na ukuta wa kushikia, kwanza macho yakiwa wazi na baadaye yakiwa yamefumbwa, huirudisha hisia hiyo.

Jeraha dogo hupona kwa wiki 1 hadi 3, la wastani huchukua wiki kadhaa, na ligamenti iliyokatika huhitaji miezi. Mchezaji asirudi uwanjani kabla hajaweza kuruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu, sawasawa na ule mzima.