Mwalimu, Familia na Somo la Nyumbani: Hoja Kuhusu Elimu Masafa kwa Watoto wa Shule za Msingi

Ikisiri

Makala hii inajadili nafasi ya mwalimu katika kuzisaidia familia kusimamia masomo ya watoto nyumbani pale shule zinapofungwa. Inarejea hali ya Afrika Mashariki kuanzia Machi 2020, kampeni za elimu kwa redio Tanzania Bara na Zanzibar, na majaribio ya kufundisha kwa simu yaliyofanywa Botswana na Sierra Leone. Hoja yake kuu ni kwamba elimu masafa ya watoto wadogo hufaulu pale mwalimu anapomwelekeza mtu mzima aliye nyumbani kuhusu kazi anayoiweza. Kazi hiyo ya kuelekeza ni ualimu kamili; kwa hiyo ifundishwe vyuoni, ipangiwe saa na igharimiwe.

Utangulizi

Katika muda wa wiki moja ya Machi 2020, shule zilifungwa karibu kanda nzima kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Kenya ilitangaza uamuzi wake tarehe 15, Tanzania tarehe 17, na Uganda ikafunga tarehe 20. Kufungua hakukwenda kwa mwendo mmoja. Wanafunzi wa shule za msingi Tanzania walirudi tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Kenya iliwarudisha wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne mwezi Oktoba, na waliobaki Januari 2021. Nchini Uganda madarasa yalirudi kwa awamu, na shule zote hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022.

Serikali zilifanya kazi kubwa kwa haraka. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ilirusha masomo kupitia redio za KBC na runinga ya EDU TV. Uganda ilichapisha vijitabu vya kujisomea, vikagawiwa vijijini na kwenye magazeti. Juhudi hizo zinastahili heshima. Hata hivyo, zote zilijibu swali moja, yaani somo litafikaje nyumbani. Swali la pili halikupata uzito uleule: somo likishafika, nani atakaa na mtoto, na huyo atakayekaa naye ameelekezwa na nani?

Kuna sababu ya kulirudia swali hilo leo. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha ufunguzi wa muhula wa pili nchini Kenya kwa wiki mbili, kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Mvua, maradhi na machafuko vitaendelea kufunga shule hapa na pale. Elimu ya nyumbani inahitaji kuandaliwa mapema, wakati shule ziko wazi.

Umbali unaopaswa kupimwa

Michael G. Moore, mmoja wa waasisi wa nadharia ya elimu masafa, alitufundisha kwamba umbali unaohusika hapa si wa kilomita. Ni pengo la uelewa na mawasiliano kati ya mwalimu na mwanafunzi. Kwa maelezo yake, ukubwa wa pengo hilo hutegemea mambo matatu: mazungumzo yaliyopo, ugumu au ulegevu wa muundo wa somo, na uwezo wa mwanafunzi kujiongoza. Somo lenye muundo usiobadilika na lisilo na mazungumzo humweka mwanafunzi mbali, na anayeweza kulifuata ni yule aliyekwisha kuzoea kujiongoza.

Tukipima kipindi cha redio kwa kipimo hicho, tatizo linaonekana mara moja. Muundo wake umefungwa: kipindi kina saa yake, mwendo wake na mifano yake. Mazungumzo hayapo, kwani mtangazaji hasikii jibu. Msikilizaji naye ni mtoto wa miaka minane, ambaye kujiongoza ndiko hasa anakokwenda kujifunza shuleni. Kijana wa chuo kikuu anaweza kulivuka pengo hilo kwa juhudi zake. Mtoto wa Darasa la Tatu hawezi, na si haki kumtarajia aweze.

Mjadala wa wakati ule ulielekea zaidi kwenye vifaa, na haukukosea. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaya zenye redio zilikuwa asilimia 56.9, zenye televisheni asilimia 40.7, zenye intaneti asilimia 17.9, na zenye kompyuta za aina yoyote asilimia 8.8. Takwimu hizi ni hoja nzito ya haki, kwa sababu somo la mtandaoni liliwaacha nje watoto walio wengi. Lakini fikiria kwamba kila nyumba imepata redio kesho asubuhi. Mazungumzo aliyoyataja Moore bado hayatakuwepo mpaka apatikane mtu wa kuzungumza na mtoto. Kifaa kinafikisha sauti tu. Kumwuliza mtoto ameelewa nini ni kazi ya mtu.

Historia ya redio katika kanda yetu

Kumweka mtu kati ya redio na msikilizaji si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo bado inatajwa katika vitabu vya elimu ya watu wazima duniani kote. Vipindi vilisikika redioni kwa wiki 12, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Kilichoibeba kampeni hiyo ni vikundi vya kusikiliza. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa, wakapewa vitabu na kufundishwa namna ya kuendesha majadiliano baada ya kipindi. Redio ilianzisha jambo, kikundi kikalijadili, kisha watu wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Waandaaji walijua kwamba matangazo matupu yangepita masikioni na kupotea.

Zanzibar ilifuata mwelekeo huo katika mradi wa RISE ulioanza mwaka 2006, ambapo watoto wadogo walijifunza kwa vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Watoto walikusanyika, na mtu mzima wa palepale mtaani aliandaliwa kuwaongoza waimbe, wajibu na wacheze kadiri kipindi kilivyoelekeza. Katika mifano yote miwili, fedha na akili zilielekezwa kwa yule mtu anayekaa kati ya redio na mwanafunzi. Mwaka 2020 mtu huyo alikuwa mama, baba, bibi au dada mkubwa, na kwa sehemu kubwa hakuandaliwa na yeyote.

Sauti ya mwalimu ndani ya nyumba

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya kuonyesha jinsi kazi hii inavyofanyika. Mwalimu wa Darasa la Tatu huko Muheza, mkoani Tanga, anapiga simu baada ya Magharibi, kwa kuwa simu ya nyumba hiyo huondoka na baba asubuhi na kurudi naye jioni.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwalimu. Ngoja nimpe mjukuu.”

“Mpe, lakini usiondoke bibi. Weka sauti kubwa mketi pamoja.”

“Mimi sikusoma, mwalimu.”

“Leo hakuna cha kusoma. Msikilize tu anavyotoa hesabu.”

Swali ni 52 kutoa 27. Mtoto anajibu 35. Mwalimu anamwuliza amepataje, naye anaeleza kwa kujiamini: mbili kutoa saba haiwezekani, kwa hiyo akafanya saba kutoa mbili, akapata tano, kisha tano kutoa mbili, akapata tatu. Kwa sentensi hiyo moja mwalimu ameijua shida ilipo. Mtoto anajua kutoa, ila kila akutanapo na tarakimu ndogo juu ya kubwa anazigeuza, kwa sababu hajaelewa kwamba ile tano ni makumi yanayoweza kuvunjwa. Hapo mwalimu anamgeukia bibi: una machungwa 52 kwenye beseni, watu wamenunua 27, yamebaki mangapi? Bibi anajibu bila kusita: nikitoa ishirini yanabaki thelathini na mawili, nikitoa na saba, ishirini na matano. Mtoto ameisikia njia sahihi kutoka kwa mtu anayelala naye nyumba moja. Mwalimu anawaachia kazi ya wiki: kila jioni hesabu moja ya kutoa, na baada ya jibu bibi aulize, “Umepataje?”

Mambo matatu yametokea ndani ya dakika chache. Kosa limesikika jinsi lilivyo, jambo ambalo redio haiwezi kulifanya wala karatasi haiwezi kulionyesha. Bibi amegundua kwamba maarifa anayoyatumia gulioni kila siku ni hisabati ileile ya shule. Na amepewa wajibu wenye mipaka, anaoweza kuutimiza bila kushika kalamu. Tuangalie pia kwamba mazungumzo yote yamekwenda kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma Tanzania na lugha ya nyumba hiyo. Pale lugha ya somo inapokuwa ngeni kwa bibi, mlango huu hujifunga.

Ushahidi wa utafiti unaelekea upande huu. Noam Angrist na wenzake walifanya jaribio nchini Botswana wakati wa janga la UVIKO-19, kwa kaya zipatazo 4,500, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Familia zilizopokea ujumbe mfupi pamoja na simu ya kila wiki, ya dakika kama 20, ziliona watoto wakipiga hatua ya wazi katika hesabu za msingi. Ujumbe mfupi peke yake haukuleta matokeo ya kutegemewa. Simu ilipigwa kwa mzazi, mtoto akaitwa, wakashughulikia swali moja pamoja. Utaratibu huo ulijaribiwa baadaye katika nchi tano, zikiwemo Kenya na Uganda, ukaleta matokeo yanayofanana.

Uadilifu unatutaka tutaje upande wa pili. Huko Sierra Leone, katika jaribio jingine, walimu waliwapigia wanafunzi simu sambamba na vipindi vya redio. Ushiriki wa watoto katika masomo uliongezeka, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupanda. Ninavyoelewa, matokeo haya mawili hayapingani. Yanatuonya kwamba kupiga simu si dawa kwa kuwa ni simu. Cha kuangalia ni yanayosemwa: kama mwalimu anaanzia pale mtoto alipo au pale kipindi cha redio kilipofika, na kama mtu mzima wa nyumba anabaki na kazi ya kufanya simu ikishakatwa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kwanza ni kuijua nyumba. Nani yuko na mtoto mchana? Simu iko kwa nani, ni simujanja au kitochi? Kuna taa usiku? Mtoto anachota maji saa ngapi, anachunga mbuzi siku gani? Mwalimu asiyeyajua haya atapanga kipindi cha saa nne asubuhi kwa nyumba ambayo saa nne iko shambani.

Pili ni kupunguza. Mwaka 2020 walimu wengi wenye nia njema walituma kwenye makundi ya WhatsApp picha za kurasa nzima nzima, mzazi akanunua bando kufungua asichoweza kukifafanua. Familia inahitaji jambo moja kwa siku, lililochaguliwa kwa makini. Uchaguzi huo ni utaalamu. Mzazi hawezi kujua kwamba kutoa kwa kukopa kunatangulia kugawanya.

Tatu ni kumpa mzazi kazi ya mzazi: kutenga nusu saa, kunyamazisha redio ya muziki, kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, kumwuliza amepataje. Anayetakiwa kufundisha hesabu za sehemu ni mwalimu. Mzazi akitwishwa kazi hiyo, matokeo yake ni fimbo, machozi, au daftari lililojazwa na mkono wa mtu mzima.

Nne ni kurudi kusikiliza. Bila mrejesho wa wiki ijayo, maelekezo yote yaliyotangulia hugeuka tangazo jingine.

Pingamizi mbili

Itasemwa kwamba mwalimu hana muda huo. Tupige hesabu. Wanafunzi 60, kila mmoja dakika 20 kwa wiki, ni dakika 1,200, yaani saa 20. Kwa mwalimu ambaye shule yake imefungwa na mshahara wake unaendelea, saa hizo zinapatikana. Darasa likiwa na wanafunzi 120 zinakuwa saa 40, na hapo itabidi walimu wagawane au wapange simu kila baada ya wiki mbili. Ugumu ni wa kweli, ila ni wa kupanga ratiba. Lisilokubalika ni kumtaka mwalimu anunue vocha kwa fedha zake na kuiita kazi hiyo moyo wa kujitolea.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kuishirikisha familia kunawaongezea mzigo akina mama, na kunazidisha pengo kati ya nyumba yenye nafasi na isiyo nayo. Hofu hii ndiyo sababu ya kumhitaji mwalimu. Familia yenye kipato na elimu itamsomesha mtoto wake hata bila simu ya mwalimu. Bibi wa Muheza ndiye atakayeachwa. Nyumba zisizo na simu kabisa zipangwe kuwa za kwanza kutembelewa, na zihesabiwe kabla dharura haijafika.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi uliosambazwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2019 umeweka ushirikishwaji wa wazazi kuwa nguzo mojawapo, na malalamiko ya wazazi kuhusu kazi za nyumbani yameonyesha kwamba kumwambia mzazi ashiriki bila kumwonyesha namna ni kumlaumu mapema. Napendekeza hatua nne. Vyuo vya ualimu viwe na somo na mazoezi ya kuzungumza na familia, likiwemo zoezi la simu lenye kusikilizwa na mkufunzi. Kila shule iwe na daftari la mawasiliano ya nyumba, linalohuishwa kila muhula na kutunzwa kwa siri. Bajeti ya dharura iwe na fungu la muda wa maongezi na usafiri wa mwalimu. Na saa za kazi hii zihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mwalimu kama vipindi vingine.

Hatua hizi ni nafuu kuliko kununua mitambo kwa pupa, na zinaweza kuanza muhula ujao katika shule isiyo na umeme. Tukizichelewesha, dharura ijayo itawakuta tena akina bibi wakisema hawakusoma, na hakutakuwa na wa kuwaambia kwamba wanayoyajua yanatosha kuanzia.