Pori Hili Lilikuwa na Wenyewe

Karatasi za utalii zinazogawiwa hapa Kampala hupenda kuiita Hifadhi ya Murchison Falls pori la asili, eti mahali ambapo binadamu hajagusa kitu. Historia inasema vingine. Pori lile lilikuwa na vijiji, mashamba na njia za biashara, na watu wake waliondolewa kwa amri. Naandika habari hii kwa sababu wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunajua kuondoka nyumbani kunakuwaje, halafu tunaenda kutembea mahali kama pale bila kujua tunakanyaga kwa nani.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa mjini. Mwaka jana tulikodi basi, tukapeleka kikundi chetu: Wakongomani, Wasudani Kusini, Wasomali na Waganda wachache wa mtaani kwetu. Tulishika barabara ya Gulu, tukapita Luwero na Nakasongola, tukavuka mto Kafu, halafu tukaingia upande wa Masindi. Kutoka Masindi ni msitu na mbuga hadi mtoni.

Pale maporomoko yenyewe, maneno yanakuwa machache. Nile inayotoka Ziwa Victoria pale Jinja, ikapita Ziwa Kyoga na Karuma, inafika ikiwa mto mpana kabisa. Halafu mawe yanaibana. Mto mzima unalazimishwa kupita kwenye ufa wenye upana wa mita 7 hivi, unaanguka zaidi ya mita 40 ndani ya korongo. Mwamba unatetemeka chini ya miguu na moshi wa maji unakulowesha ukiwa bado mbali. Chini ya korongo mto unatulia, na ukienda kwa boti kutoka Paraa unaona viboko na mamba wamelala kama magogo. Hata jina Paraa linatokana na Kiluo, maana yake kwa viboko.

Tukiwa pale juu kijana mmoja wa miaka 15 akaniuliza: "Kaka, kama hapa ni pazuri hivi na maji ni mengi hivi, mbona hakuna mtu anayeishi? Sisi kule Katwe tunalala sita chumba kimoja." Wenzake walicheka, lakini swali lake lina jibu katika historia, na jibu ni refu kidogo.

Kuanzia 1900 ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na mbung'o, uliingia Uganda kwa nguvu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ile uliua zaidi ya watu 200,000, wengi wao kando ya Ziwa Victoria na visiwani. Serikali ya Waingereza chini ya Gavana Hesketh Bell iliamua kuwatoa watu mahali penye mbung'o. Upande huu wa Nile, kati ya 1907 na 1912, wakaaji wa eneo la kilomita za mraba kama 13,000 walihamishwa. Nyumba ziliachwa, mashamba yakaota majani, tembo na nyati wakaingia.

Siwezi kusema kwamba ugonjwa ulikuwa wa uongo. Watu walikuwa wanakufa kweli. Lakini angalia tarehe. Mwaka 1910, wakati kazi ya kuhamisha watu haijaisha, sehemu ya kusini mwa mto ilishatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama ya Bunyoro. Mwaka 1928 mpaka ukavuka mto kwenda upande wa Gulu. Mwaka 1952 ikawa hifadhi ya taifa. Kwenye visiwa vya Ziwa Victoria watu waliruhusiwa kurudi baadaye. Huku, ardhi ilishapewa kazi nyingine, na waliotoka wakakuta mpaka. Nani katika sisi hajaambiwa neno "kwa muda"?

Majina nayo yalihamishwa. Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker alifika hapa na Florence, mwanamke aliyemtoa kwenye soko la watumwa huko Vidin, katika nchi ambayo leo ni Bulgaria. Maporomoko aliyaita Murchison, jina la mkubwa wa chama cha wanajiografia cha London, mtu ambaye hakuwahi kufika hapa. Ziwa ambalo Wanyoro waliliita Mwitanzige, yaani muuaji wa nzige, akaliita Albert, jina la mume wa malkia wake, ambaye alikuwa amekufa tangu 1861. Mimi nilivuka ziwa hilo mwaka 2018 kutoka Ituri kwa mtumbwi wa injini, tukashukia upande wa Kyangwali. Ndani ya ule mtumbwi kulikuwa na bibi aliyeomba Mungu kwa kutaja jina la kila kijiji alichoacha, kimoja kimoja. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

Baker alirudi mwaka 1872 akitumwa na mtawala wa Misri. Akiwa Masindi akatangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Omukama Kabalega, mfalme kijana, alimpiga vita akamfukuza. Waingereza walirudi tena na jeshi kubwa mwaka 1894. Kabalega alipigana msituni miaka mitano, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Mwanga wa Buganda, wote wakapelekwa visiwa vya Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alikaa miaka 24. Mwaka 1923 akaruhusiwa kurudi, akafika Jinja, akafa hapo hapo. Iliyofika Bunyoro ni maiti yake. Sisi wakati wa kurudi Kampala tulipita njia ya Hoima, tukaona kaburi lake pale Mparo. Vijana waliokuwa wakipigana picha njia nzima walinyamaza, hasa walipohesabu ile miaka 24.

Idi Amin aliyaita maporomoko Kabalega. Upande wetu Mobutu naye alilibandika ziwa jina lake mwenyewe. Amin alipoangushwa 1979 na Mobutu 1997, majina ya Waingereza yakarudi. Jina moja tu lilikuja bila kiongozi kujisifu: mvua kubwa za 1961 na 1962 zilifurisha mto, ukachimba njia ya pili kando ya ile ya zamani. Kwa kuwa Uganda ilipata uhuru Oktoba 1962, maporomoko mapya yakaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili, katikati ya Bunyoro na Acholi! Vijana wangu walilipenda.

Kuna habari nyingine inayonikaa kichwani. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliwinda vifaru weupe upande wa magharibi wa Nile, sehemu ambayo leo tunaijua kama Rhino Camp, ambapo ndugu zetu Wasudani Kusini wanaishi. Ujangili uliendelea mpaka kifaru wa mwisho wa porini nchini Uganda akaisha mwaka 1983. Kuanzia 2005 walianza kuletwa upya pale Ziwa, Nakasongola: wanne kutoka Kenya, wawili kutoka Marekani. Mtoto wa kwanza aliitwa Obama, kwa sababu baba alitoka Kenya na mama Marekani. Walitengewa ardhi, walinzi na daktari. Nafurahi kwa ajili yao, kweli. Lakini wajukuu wa watu wa 1907 hawajatengenezewa mpango wa kurudi, na wengine wa Buliisa wamehamishwa katika miaka hii kupisha mradi wa mafuta wa Tilenga, ambao baadhi ya visima vyake viko ndani ya hifadhi yenyewe.

Sisemi hifadhi ifutwe. Wanyama wale ni mali ya Uganda, na kazi ya utalii inalisha watu. Ombi langu kwa ndugu zetu wa mashirika ni dogo: mnapopanga safari za vijana, msiweke twiga na simba peke yake. Tafuteni mzee wa Kinyoro au wa Kiacholi awaambie nani alikaa wapi, na mto uliitwaje kabla ya ramani. Pitieni Mparo.

Nanyi vijana wenzangu mlioko Kiryandongo, Kyangwali, Nakivale na hapa Kampala, chukueni daftari. Muulizeni mama, muulizeni babu: kijiji chetu kiliitwaje, mto wake uliitwaje, jirani zetu walikuwa nani, mpaka wa shamba ulipita wapi. Andikeni kwa lugha yoyote mnayoweza. Sisi kikundi chetu tumeanza, na mpaka sasa tuna kurasa 41. Yule kijana wa swali ameandika majina 17 ya mito midogo ambayo baba yake aliyataja, na hakuna hata moja nililoliona kwenye ramani ya simu.