Kifafa kati ya Pepo na Ubongo: Babeli, Ugiriki, India na Mahenge

Kifafa ni miongoni mwa maradhi machache ya ubongo ambayo hayamngoji daktari ili yaonekane. Uvimbe wa ubongo unaweza kujificha kwa miezi. Kifafa humwangusha mtu mbele ya watu, viungo vikakakamaa na kutikisika, povu likamtoka, na kila aliyepo akawa shahidi. Kwa hiyo mataifa mengi yenye maandishi ya kale ya tiba yaliandika habari zake, na yote yalikabiliwa na maswali mawili. Kuanguka huku kunatoka wapi? Na sisi tuliosimama tumtendeeje aliyelala chini? Kwa kawaida mapokeo ya tiba hupimwa kwa jibu la swali la kwanza. Hapa nayapima kwa yote mawili, kwa kuwa majibu hayo hayafuatani kama tunavyodhani.

Tuanze Babeli. Katika karne ya 11 kabla ya Kristo, mwanazuoni Esagil-kin-apli alipanga maarifa ya uchunguzi wa wagonjwa katika mkusanyo uitwao Sakikku, wenye mabamba 40 ya udongo. Bamba la 26 linahusu kifafa. Aliyeliandika ameangalia kwa makini ya kushangaza: shingo imegeukia upande gani, macho yamekodoka vipi, mikono na miguu imenyooka au la, mate yanatoka, fahamu zimepotea au zimebaki. Kila sura ya kifafa inahusishwa na pepo au mzuka wake, na baadhi zinaambatana na utabiri wa hatima ya mgonjwa.

Wagiriki walikwenda njia nyingine. Kitabu kinachohesabiwa miongoni mwa maandiko ya Hippocrates, kilichoandikwa yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, kinashikilia kwamba ugonjwa huu ulioitwa mtakatifu hauna utakatifu wowote kuliko maradhi mengine. Mwandishi anawashambulia waganga wa utakaso waliokataza nyama ya mbuzi na nguo nyeusi. Kwake chanzo ni ubongo: kohozi huziba mishipa, hewa ikashindwa kupita. Anamwalika msomaji apasue kichwa cha mbuzi mwenye ugonjwa huo, aone jinsi ubongo ulivyojaa maji na kunuka.

Ni rahisi kumtunuku Mgiriki ushindi, lakini tusiharakishe. Mgiriki alikipata kiungo, akakosea kuhusu kinachotokea ndani yake. Mbabeli aliwataja pepo, lakini namna yake ya kupambanua aina za kifafa kwa dalili ndiyo inayotumika hata leo: daktari wa mishipa ya fahamu bado humuuliza mama kichwa cha mtoto kiligeukia wapi, maana upande huo humwelekeza kwenye sehemu ya ubongo iliyoanza kuvurugika. Tiba ya sasa imerithi jicho la mmoja na hoja ya mwingine.

Huko India, tiba ya Ayurveda haikulazimika kuchagua kati ya mwili na roho kwa ukali huo. Tabibu wake Charaka anataja aina nne za kifafa: tatu kwa kadiri upepo, nyongo au kohozi linavyozidi mwilini, na ya nne, isiyotibika, inayotokana na vyote vitatu kwa pamoja. Lakini kilicho na thamani kubwa zaidi kwangu ni agizo lake la ulinzi. Anataka mgonjwa alindwe daima na maji, moto, miti na milima, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyomuua papo hapo. Hapo tabibu ameacha kuuliza ugonjwa umetoka wapi, anauliza mgonjwa amesimama wapi.

Ulimwengu wa Kiislamu ulipokea urithi wa Wagiriki na kuukuza. Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba Al-Qanun, alichokikamilisha mwanzoni mwa karne ya 11, anakieleza kifafa kuwa ni kizuizi kisichokamilika katika vyumba vya ubongo. Lakini pembeni ya tiba hiyo kulikuwa na hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim: mwanamke mwenye kuanguka alimwendea Mtume amwombee. Alipewa hiari kati ya kusubiri na kulipwa Pepo, au kuombewa apone. Alichagua subira, ila akaomba asifunuke nguo anapoanguka, naye akaombewa hilo. Mgiriki naye aliiona aibu hiyo. Anasimulia kwamba wenye ugonjwa wakihisi unakuja huwakimbia watu na kujifunika, kwa haya wala si kwa kuogopa miungu, na kwamba watoto waliokwisha kuzoea hukimbilia kwa mama zao. Mmoja aliieleza aibu hiyo kama dalili. Mwingine aliijibu kama haja ya mtu.

Karne tatu baada ya Ibn Sina, mwanazuoni Ibn al-Qayyim alisema kifafa ni cha namna mbili: kinachotokana na roho mbaya na kinachotokana na uharibifu wa mchanganyiko wa mwili. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa. Familia nyingi hadi leo hupeleka mgonjwa kliniki na pia kumtafutia mtu wa kumsomea, bila kuona kuwa njia moja inaikana nyingine.

Ulaya ya karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 ndiyo iliyolijibu swali la kwanza kwa ukamilifu ambao haukuwahi kufikiwa. Mwaka 1857 Charles Locock alieleza matumizi ya bromidi kutuliza kifafa. Mwaka 1873 John Hughlings Jackson, jijini London, alikieleza kifafa kuwa ni mlipuko wa ghafla na wa kupita kiasi katika seli za ubongo. Alfred Hauptmann alionyesha nguvu ya dawa ya fenobabitoni mwaka 1912, na mwaka 1929 Hans Berger akachapisha michoro ya umeme wa ubongo wa binadamu. Wawili hao wa mwisho walikuwa Wajerumani. Na ni Ujerumani hiyohiyo ambayo, Julai 1933, ilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi watu kwa nguvu, kifafa cha kurithi kikiwa kimetajwa ndani yake. Nchi iliyoufahamu ubongo vizuri kuliko nyingi iliwatendea wagonjwa ukatili ambao hakuna pepo wa Babeli aliyeuamuru.

Mahenge, kusini mwa Tanzania, inatupa upande wa pili. Daktari Louise Jilek-Aall alipofika huko yapata 1960, alikuta Wapogoro wengi wenye kifafa wakila peke yao na kulala kando, kwa imani kwamba mate na pumzi zao huambukiza. Aliyeangukia motoni aliweza kuachwa aungue, kwa sababu aliyetaka kumvuta aliogopa kumgusa. Hofu hiyo haikuwa upumbavu: utafiti uliofanyika baadaye Ulanga, wilaya ilimo Mahenge, ulikuta takriban wagonjwa 10 katika kila watu 1,000, na jamii inayoona ugonjwa ukirudiarudia katika nyumba jirani ina sababu ya kushuku kwamba unaenea. Tafiti za miaka ya karibuni zinauhusisha wingi huo na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoletwa na inzi weusi wa mito. Wapogoro waliona kweli kwamba kuna kitu kinachosambaa. Walichokosea ni njia yake, na kosa hilo ndilo lililomwacha mgonjwa motoni.

Sasa yaweke mapokeo haya pamoja. Kuujua ubongo hakukuleta huruma, wala kuamini pepo hakukuleta ukatili. Maarifa na utu vilikwenda kila kimoja kwa njia yake, na kila taifa lililazimika kuvitafuta vyote viwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yafaayo. Fenobabitoni ni ya bei nafuu na ina zaidi ya miaka 100, lakini kidonge kisichofika kijijini hakimfai mtu, na kikifika hakitamezwa na aliyefichwa chumba cha nyuma. Kwa hiyo simtaki mzazi aache dua yake kwanza ndipo apewe dawa. Namtaka ampe mtoto vidonge kila siku bila kukatiza, azungushie jiko kinga, amlaze ubavu anapoanguka, asimtie kitu mdomoni, kisha amrudishe kula sahani moja na wenzake. Charaka angekubali agizo hilo, na yule mwanamke aliyeomba asifunuke angelielewa mara moja.