Wageni Walivyojifunza Kiswahili, Tangu Krapf Hadi Leo

Kiswahili ni miongoni mwa lugha za Afrika ambazo wageni wamejifunza kwa wingi, lakini hawakujifunza kwa sababu moja. Wako waliokitaka ili wahubiri, wako waliokitaka ili watawale, na baadaye wakaja waliokitafuta kama urithi walionyang'anywa mababu zao. Sababu hizo ndizo zilizoamua kinachofundishwa, nani asimame mbele ya wanafunzi, na mwanafunzi afike wapi.

Madarasa ya mwanzo hayakuwa na ubao wala ratiba. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika Zanzibar Januari 1844, kisha akahamia Mombasa. Julai mwaka huohuo mkewe, Rosina, alifariki Mombasa, na mtoto wao mchanga naye akafariki. Krapf alibaki akaendelea kujifunza. Aliyemsaidia kutafsiri Kitabu cha Mwanzo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Hapo mwanafunzi alikuwa padri na mwalimu alikuwa alimu wa Kiislamu, na kila mmoja alijua wazi kwamba dini ya mwenzake si yake. Krapf alichapisha muhtasari wa sarufi huko Tübingen mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, wakati yeye alikwisha kufa mwaka mmoja kabla.

Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Kabla ya upadri alikuwa mwanasheria, na alisikiliza wasimulizi wake kwa makini ya mtu aliyezoea kuchukua ushahidi. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili: mwongozo wa Kiswahili cha Zanzibar, na mkusanyo wa hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji. Katika viambatisho vya mwongozo huo aliingiza hata mifano ya kinyume, ule usemi wa mafumbo ambao silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mwanzo ili asiyehusika asielewe. Hakuna mahubiri yanayohitaji kinyume. Mtu hukipata kwa kukaa barazani na watu mpaka wamzoee, na hilo ndilo lililokifanya kitabu cha Steere kitumike kwa miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1882.

Wajerumani walipoanza kujitwalia pwani na bara, Kiswahili kilihamia katika darasa rasmi. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa tangu mwanzo. Waliokaa madawatini walikuwa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakijiandaa kwenda Afrika Mashariki. Kazi ya kufundisha iligawanywa mara mbili. Mwalimu Mjerumani, kama C. G. Büttner na baadaye Carl Velten, alifafanua sarufi. Msaidizi kutoka pwani alisoma kwa sauti, aliandikisha imla, alisimulia habari na kuzungumza na wanafunzi mpaka ndimi zao zilegee. Kwa kweli lugha yenyewe waliipata kwa huyu wa pili, lakini cheo na heshima vilikwenda kwa wa kwanza.

Wasaidizi hao hawakuwa watu wa kuokotwa. Amur bin Nasur, aliyefundisha huko katika miaka ya 1890, aliandika habari za maisha yake, nazo zikaingia katika mkusanyo ambao Büttner aliuchapisha mwaka 1894. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka upande wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Velten kimesimama kwa sehemu kubwa juu ya maandishi yake, na mpaka leo wanahistoria hawawezi kueleza harusi, ngoma, jando na mazishi ya pwani ya wakati ule bila kukirejea. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Walipojaribu kwenda kuishi Afrika Mashariki mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Gavana Götzen ilikataa kuwapokea kama mke na mume, wakalazimika kurudi Ujerumani. Aliyefaa kuwafundisha maofisa kusema Kiswahili hakufaa, machoni pa maofisa haohao, kuishi na mkewe katika nchi yake mwenyewe. Baadaye alifundisha Hamburg pamoja na mwanaisimu Carl Meinhof.

Historia ya darasa la Berlin haikuishia hapo. Mdachi bin Sharifu, aliyeanza kufundisha huko mwaka 1913, alipanda majukwaani mwaka 1919 na kuwaeleza Wajerumani waziwazi ukatili wa utawala wao katika makoloni. Katika miaka ya 1930 nafasi ya msaidizi ilishikwa na Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa ameingizwa katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akiwa bado mtoto. Berlin alifanya kazi ya uhudumu na ya uigizaji wa filamu, na pia alifundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sheria za ubaguzi wa Wanazi kwa ajili ya uhusiano wake na mwanamke mzungu, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa Novemba 1944.

Kwa Waingereza ari ya kujifunza ilitoka kwenye mtihani. Ofisa wa serikali katika Tanganyika au Kenya alitakiwa kufaulu Kiswahili cha daraja la chini, na wengine cha daraja la juu, ndipo njia ya kupanda ifunguke. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha tahajia na sarufi. Kamusi zake zilitoka mwaka 1939, na sarufi ya Ethel Ashton, aliyefundisha London, ikafuata mwaka 1944. Vitabu hivyo ni kazi nzito ya kitaalamu, na anayevidharau leo hajavisoma. Lakini ofisa aliyejifunza kwa ajili ya mtihani mara nyingi aliishia pale mtihani ulipoishia. Masetla wa Kenya, ambao hawakuwa na mtihani wa kuwasukuma, waliishia nyuma zaidi. Kilichoitwa Kisetla kilikuwa lugha ya amri: "lete maji", "kuja hapa", "mimi taka chai sasa". Upatanisho wa ngeli uliachwa, adabu nayo ikaachwa, kwa sababu msemaji hakutarajia kujibiwa zaidi ya "ndiyo, bwana". Mtu aliweza kuishi Nakuru miaka thelathini asijue kumuuliza mzee hali ya nyumbani kwake.

Wanasaikolojia walikuja kulieleza jambo hili baadaye, katika nchi nyingine kabisa. Mwaka 1959 Robert Gardner na Wallace Lambert walitoa utafiti juu ya wanafunzi wa Montreal waliozungumza Kiingereza na kujifunza Kifaransa. Walitofautisha ari ya manufaa, ya anayetaka lugha kwa ajili ya kazi au cheti, na ari ya kujiunga, ya anayetaka kukaribiana na wenye lugha. Tangu miaka ya 1990 watafiti kama Zoltán Dörnyei wamelivuta suala hilo mpaka darasani: mwalimu, wanafunzi wengine na aina ya somo vinaweza kuiwasha ari au kuizima. Ushahidi wa Kiswahili unawaunga mkono wote. Krapf na Steere walikuwa na kazi ya kufanya sawasawa na maofisa wa Berlin, lakini wao walikaa chini ya mwalimu wao wakamsikiliza.

Miaka ya 1960 ilileta wanafunzi wa namna nyingine. Serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 1958, iligharimia ufundishaji wa lugha za kigeni katika vyuo vikuu, na Kiswahili kikapata nafasi. Mwaka 1961 vijana wa kujitolea wa Peace Corps walianza kuingia Tanganyika. Huko Beijing Kiswahili kilifundishwa kwa ajili ya redio na diplomasia. Waliogusa moyo wa lugha yenyewe, hata hivyo, ni Wamarekani weusi. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Kwanzaa na nguzo zake saba, kuanzia umoja hadi imani, zote kwa maneno ya Kiswahili. Wanafunzi weusi walidai lugha za Afrika vyuoni kwao. Wapo waliowabeza kwa kuwa mababu wengi wa watu hao walitoka Afrika Magharibi, lakini hoja hiyo ni finyu. Walihitaji lugha kubwa ya Kiafrika isiyofungwa katika kabila moja, na Kiswahili kilikuwa mbele yao.

Watoto wa wahamiaji kutoka Kongo, Kenya na Tanzania ndio wameongezeka katika madarasa ya Ulaya na Marekani hivi karibuni. Mtoto wa namna hii huamkia "shikamoo" bila kufikiri na huelewa kila neno la bibi yake kwenye simu. Akipewa karatasi aandike "vitabu vyangu vimepotea", anakwama kwenye vi- ya pili. Sarufi ya Ashton haikutungwa kwa ajili yake, na walimu wamelazimika kuandaa masomo upya.

Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Wanafunzi wa kigeni sasa husafiri kuja Zanzibar na Dar es Salaam, wengi hukaa katika nyumba za wenyeji, na asubuhi huingia darasani kwa mwalimu ambaye Kiswahili ni chake. Huyo si msaidizi wa mtu. Ndiye anayepanga somo, anayeandika kitabu na anayetoa alama.