Nani Yuko Katikati, Nani Anazuiwa kwa Fimbo

Picha ya umati husomwa kwanza kwa nafasi: nani amepewa njia, nani amesukumwa pembeni. Ilya Repin alilijua hilo alipochora maandamano ya kidini ya jimbo la Kursk, Urusi, kati ya 1880 na 1883.

Ukiutazama mchoro huo haraka unaona ibada: watu wengi, jua kali, vumbi, na picha takatifu ya Bikira Maria ikisindikizwa. Utazame tena polepole. Bibi mwenye mali ndiye aliyeshika picha hiyo takatifu, na mbele yake njia ni nyeupe. Askari wamepanda farasi. Mmoja ameinua mjeledi juu ya vichwa vya watu. Kushoto, kijana mwenye kibiongo anajikokota kwa mkongojo, uso wake umejaa imani kuliko nyuso zote. Huyo ndiye anayezuiwa kwa fimbo asiingie katikati, na anayemzuia si askari, ni mwanakijiji. Nyuma yao kilima kimebaki visiki. Watwana wa Urusi walikuwa wameachiwa huru mwaka 1861, na Repin anaonyesha jinsi uhuru huo ulivyowafikia.

Pavel Tretyakov, mfanyabiashara aliyeununua mchoro huo, alitaka msichana mrembo aongezwe. Repin alikataa, na alifanya vyema.

Kwetu Tanzania, Sam Ntiro wa Machame naye alichora msafara, mwaka 1956: wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo iko katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Ntiro, aliyesoma Makerere na London, kisha akaiwakilisha Tanganyika huko Uingereza baada ya uhuru, alipenda kuchora watu wadogo wanaofanana, kijiji kikitenda jambo kwa pamoja. Hakuna mjeledi. Utulivu huo naupenda sana, lakini kwa wakati wetu namhitaji Repin zaidi.

Maana huku Matamba, wilayani Makete, umati wa kuchorwa upo. Viazi vya pembezoni mwa uwanda wa juu wa Kitulo hujazwa kwenye magunia, vikapakiwa kwenye malori na kuteremshwa kwa barabara ya kona 57 hadi Chimala. Kila mkulima anaijua lumbesa: gunia lililoongezwa kilemba juu, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza. Liweke gunia hilo katikati ya turubai, utaona cheo cha kila mtu kwa jinsi anavyolisogelea: mama aliyelima, kijana anayeinamisha mgongo kulibeba, dalali anayelitazama tu huku simu iko sikioni.

Wachoraji vijana wa Njombe na Makambako, pandeni Matamba msimu wa kuvuna viazi. Mchoreni mkulima, mpakiaji na dalali, kila mmoja mahali anaposimama kweli.